Shajara ya mradi: kinengenenge wa Pemba, kutoka wavuni hadi maelezo ya spishi

Juni: tunachokitafuta

Kinengenenge wa Pemba, Zosterops vaughani, ndege mdogo wa manjano, ana jina tangu 1924. Alipewa na David Bannerman wa makumbusho ya London kwa heshima ya J. H. Vaughan, ofisa wa serikali ya Zanzibar aliyeandika juu ya ndege wa Unguja na Pemba. Kwa hiyo mradi huu hautafuti jina. Unaandaa maelezo mapya ya spishi hiyo, yenye mambo ambayo mwandishi wa 1924 hakuwa na njia ya kuyapata: sauti, vinasaba, vipimo vya ndege hai, na ulinganisho na jamaa zake wa Bara na wa Komoro uliofanywa kwa mbinu moja na rula moja.

Ulinganisho huo ndio kazi yenyewe. Kumtambua ndege huyu ukiwa Pemba hakuhitaji utaalamu. Ukiona ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, awe kwenye mkarafuu, mwembe au mkoko, umeshamjua. Taabu huanza pale unapoulizwa anatofautianaje na wa ng'ambo ya mkondo. Kuna wakati alihesabiwa kuwa nususpishi tu ya kinengenenge manjano aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika, kisha akarudishiwa hadhi yake. Chozi wa Pemba, Cinnyris pembae, ndege mdogo mnyonya nekta aliyeelezwa na Reichenow wa Berlin mwaka 1905, yamemkuta hayohayo: wapo waliomweka chini ya Cinnyris chalcomelas wa pwani ya Kenya na Somalia. Ndege wa kisiwani anayefanana na wa Bara hupandishwa na kushushwa hivyo mpaka pale mtu anapopima.

Jambo moja la jiografia limeamua sampuli zetu zitoke wapi. Mkondo kati ya Unguja na Bara ni wa kina kifupi, na bahari iliposhuka mita 120 hivi katika kilele cha enzi ya barafu, miaka 20,000 iliyopita, Unguja ilikuwa sehemu ya Bara. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, hivyo haukukauka. Mtu hushawishika kusema kwamba kinengenenge huyu alibaki kisiwani tangu Pemba ilipojitenga. Hesabu haikubali. Pemba ilijitenga mamilioni ya miaka iliyopita, ilhali utafiti wa vinasaba umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya jenasi ya Zosterops, yenye spishi zaidi ya 80 kuanzia Afrika hadi visiwa vya Pasifiki, imegawanyika ndani ya miaka milioni 2 hivi. Mababu zake walivuka maji kwa mabawa yao. Na aliyeweza kuvuka kutoka Tanga aliweza pia kuja kutoka kusini au kutoka visiwani, kwa hiyo kumlinganisha na jirani wa karibu peke yake hakutoshi. Orodha ya kulinganisha ina Z. anderssoni, Z. flavilateralis, Z. stierlingi, Z. mbuluensis na Z. eurycricotus wa Bara, pamoja na Z. kirki na Z. mouroniensis wa Ngazidja. Huyo wa mwisho anaishi juu kabisa kwenye mlima Karthala, na kumfikia ni safari ya kupanda mlima, si ya kuegesha gari.

Julai: vibali na mizigo

Misitu na wanyamapori wa Zanzibar wana sheria yao. Kibali kilichotolewa Dar es Salaam pekee hakimruhusu mtu kutega wavu katika msitu wa Ngezi, Pemba. Kinatakiwa kibali cha utafiti cha Zanzibar, ruhusa ya wasimamizi wa misitu, kisha barua kwa sheha wa kila shehia. Barua ya sheha ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo inayoulizwa kwanza na mwenye shamba akikuta watu alfajiri na milingoti kwenye mikarafuu yake. Ombi la kusafirisha sampuli za damu nje ya nchi liingie mapema, pamoja na lile la kukusanya. Likisubiri mpaka kazi ya uwanjani iishe, vichupa hukaa kabatini vikimngojea mtu wa kusaini.

Ethanoli tunayohifadhia damu ni kimiminika kinachowaka, na mashirika ya ndege huikataa ikifika uwanjani bila maandalizi. Kanuni za IATA, shirikisho la mashirika ya ndege, zina kifungu maalumu cha vielelezo visivyoambukiza, A180: chupa ya ndani isizidi mililita 30, kifurushi chote kisizidi lita 1, na chupa ziwe ndani ya mfuko usiovuja wenye kitu cha kunyonya. Tumegawanya vichupa tangu mwanzo kwa kipimo hicho, na namba ya kifungu imeandikwa nje ya boksi.

Agosti: nyavu

Nyavu tunazotumia ni za urefu wa mita 12 na 6, kimo mita 2.5, tundu la milimita 16. Tundu la milimita 19 humwachia kinengenenge apenye hadi mabegani, na hapo ndipo anapojiumiza. Milingoti ni ya mianzi iliyokatwa palepale, na kila mmoja umefungwa kamba mbili, kwa sababu Kusi ya Agosti huivuta nyavu ikawa kama tanga. Wavu unaotikisika ndege huuona, na ulionyooka mno hauachi mfuko wa kumpokea; ndege hudunda akaenda zake.

Vinengenenge hupenda majani ya juu. Wavu uliosimama chini katikati ya msitu wa Ngezi, kati ya mijoho na mipapindi, hukamata ndege wengine kabisa. Mahali panapolipa ni ukingo: pale msitu unapokutana na shamba, kichaka chenye matunda madogo yaliyoiva, au mpapai wenye tunda lililotobolewa. Mahali pasipo na ukingo tunapandisha wavu kwa kapi hadi mita 6 au 7 juu, kamba ikiwa imepita kwenye tawi la mwembe. Hapo inatakiwa kamba ya kushushia inayofanya kazi kila mara. Wavu uliokwama juu una ndege ndani yake anayekufa kwa jua.

Nyavu hufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufungwa saa nne asubuhi, na hukaguliwa kila dakika 20. Jua likishaingia kwenye wavu, kila dakika 10. Jioni hazifunguliwi kabisa karibu na miti wanakolala popo wa Pemba. Popo huyo ana mabawa ya zaidi ya mita moja na nusu, na akiingia kwenye wavu huo, wavu umekwisha, na yeye huumia.

Hatari ya vinengenenge ni kwamba hutembea kwa kundi. Mmoja akinasa huita, wengine humfuata, na kwa dakika chache wavu mtupu unakuwa na ndege 10 au 15. Kanuni tuliyoiandika kwenye ubao wa kambi: mifuko ikizidi 8 kwa mpimaji mmoja, nyavu zinafungwa, na ndege wa ziada wanaachiwa bila kupimwa. Kila mfuko una ndege mmoja, umetundikwa kivulini, na hakuna ndege anayekaa humo zaidi ya dakika 30. Ndege aina ya chozi wanaonaswa njiani hushughulikiwa kwanza, kwa kuwa huishiwa nguvu haraka. Kila mmoja hupewa matone ya maji ya sukari, sehemu 1 ya sukari kwa 4 za maji, kabla ya kuachiwa.

Kumtoa ndege: tafuta upande alioingilia, fungua miguu, kisha bawa moja, kichwa mwisho. Kinengenenge hukamata nyuzi kwa kucha kwa nguvu isiyolingana na mwili wake, na ukimvuta mguu ndio unaovunjika. Ulimi wake una ncha kama brashi na mara nyingine hunasa uzi. Uzi hutolewa kwa kijiti cha meno kutoka nyuma kuja mbele. Ikishindikana ndani ya dakika 2, kata uzi. Wavu hushonwa.

Kuwaita kwa sauti iliyorekodiwa tumekukataa katika kazi hii, ingawa kungejaza nyavu. Sauti huvuta zaidi madume wanaolinda eneo, na sampuli ya madume peke yake ikilinganishwa na sampuli mchanganyiko ya Bara itatoa tofauti ambayo haihusiani na kisiwa.

Msimu wa karafuu ukianza mashamba hayafai: ngazi na wachumaji wako kila mti. Karafuu yenyewe huchumwa ingali tumba, kabla ua halijafunguka, kwa hiyo kundi ulionalo kwenye mkarafuu uliotunzwa vizuri linapekua wadudu, wala halikufuata nekta.

Septemba: vipimo

Mpangilio mezani: pete, umri, manyoya yanayoota, bawa, mkia, tarso (sehemu ya mguu juu ya vidole), mdomo, kichwa, picha, damu, uzito. Uzito umewekwa mwisho kwa makusudi. Ndege akishaingia kwenye kikopo cha mizani, kutoka hapo ni kuruka.

Bawa hupimwa likiwa limebanwa na kunyooshwa, kwa rula yenye kizuizi mwanzoni, hadi nusu milimita. Mbinu ya kuacha mviringo wa asili hutoa namba ndogo zaidi, na maandishi mengi ya zamani hayasemi ni ipi iliyotumika. Kwenye bawa la milimita 55, kosa la milimita 1 ni karibu asilimia 2, na tofauti kati ya vinengenenge wa mahali na mahali mara nyingi ni kubwa kidogo tu kuliko hapo. Bawa ambalo manyoya yake marefu bado yana ala (kifuko cha unyoya unaoota) shinani halipimwi. Linaandikwa "yanaota" na nafasi inaachwa wazi. Nyoya kuu la nje kabisa, la kumi, ni kisiki kidogo kwa vinengenenge, kwa hiyo anayehesabu kutoka nje kwenda ndani atakosea kwa namba moja kila anapolisahau. Tunahesabu kutoka ndani kwenda nje, na daftari limechapishwa mchoro wa bawa kila ukurasa.

Mdomo una vipimo viwili: kutoka ncha hadi fuvu, na kutoka ncha hadi ukingo wa mbele wa tundu la pua. Cha pili ndicho kinachorudiwa vizuri na watu wawili tofauti. Cha kwanza hutegemea umebonyeza kalipa, kifaa cha kupimia kwa kubana, kiasi gani kwenye manyoya ya paji. Vyote vinachukuliwa kwa sababu vielelezo vya makumbusho vina vyote. Upana wa duara jeupe haupimwi kwa kalipa kando ya jicho la ndege hai. Unapimwa kwenye picha ya pembeni yenye kipimo cha milimita kando ya kichwa, kwenye usawa uleule wa jicho, la sivyo picha inadanganya.

Kila ndege wa tano hupimwa na watu wawili bila mmoja kuona namba za mwenzake. Tofauti kati yao ikizidi milimita 1 kwenye bawa au milimita 0.3 kwenye tarso, wote wawili wanarudi kwenye mazoezi kabla ya asubuhi inayofuata. Hakuna kusuluhisha kwa kuchukua wastani wa namba mbili mbaya.

Umri. Misimbo ya Ulaya imejengwa juu ya mwaka wa kalenda, ikidhani ndege wote huzaliwa majira ya joto. Karibu na ikweta msimu wa kuzaana hunyooka, na msimbo unaobadilika tarehe 1 Januari hauna maana. Tunatumia misimbo inayofuata mizunguko ya kubadili manyoya, na pale inapowezekana fuvu: lowesha manyoya ya utosi, yatenganishe, na utazame kupitia ngozi kama mfupa umejaa vidoa vyeupe au bado una sehemu laini ya rangi ya waridi. Kinda aliyetoka kiotani karibuni hana duara jeupe kamili. Duara hilo ni manyoya, si ngozi, kwa hiyo hata mkubwa anayebadili manyoya ya kichwa anaweza kuwa na duara lililokatika. Anayeandika "duara jembamba, limekatika mbele" bila kutaja umri na hali ya manyoya ameandika kitu kisichosaidia.

Oktoba: rangi

Sifa zinazotajwa kwa ndege huyu ni hizi: juu kijani chenye manjano, chini manjano tupu, paji manjano, alama nyeusi kati ya mdomo na jicho, duara jeupe jembamba. Kila moja inaandikwa kwa utaratibu uleule, kutoka paji hadi chini ya mkia, ikilinganishwa na kadi za rangi chini ya kivuli cha wazi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Chini ya mwembe mwanga wenyewe ni wa kijani na kila ndege anakuwa wa kijani. Picha zina kadi ya kijivu kwenye fremu, mweko umezimwa, na faili zinahifadhiwa ghafi.

Mtego mkubwa hapa ni chavua. Vinengenenge hutumbukiza nyuso kwenye maua, na chavua hupaka paji na koo manjano au rangi ya chungwa. Kwa spishi ambayo paji la manjano ni mojawapo ya sifa zake, hilo linaharibu data moja kwa moja. Pitisha pamba yenye maji kwenye paji mara mbili, subiri likauke, ndipo usome rangi. Pamba ikitoka na rangi, itie kwenye bahasha yenye namba ya pete. Chavua hiyo ni taarifa ya chakula.

Rangi ina historia mbaya kwa walioiamini peke yake. Mwaka 1991 ndege wa Bulo Burti, Somalia, alitangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus, kwa sampuli za ndege mmoja aliyeachiwa akiwa hai. Mwaka 2008 uchambuzi wa vinasaba ulionyesha kwamba alikuwa sura nyingine ya rangi ya spishi iliyokwisha kujulikana. Na kwa vinengenenge wenyewe, wale wa milima ya Afrika Mashariki wenye maduara mapana walidhaniwa zamani kuwa ukoo mmoja. Vinasaba vimeonyesha kwamba baadhi yao wana undugu wa karibu zaidi na wa mabondeni kuliko wao kwa wao. Upana wa duara tunaupima kwa bidii, lakini hatuupi kazi ya kuthibitisha nasaba.

Novemba: sauti

Tunarekodi WAV, kilohezi 48, biti 24. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la mtu haligundui zikikosekana, na hizo ndizo tunazopima. Kiwango cha kuingiza sauti kinawekwa kwa mkono, kilele kisipite desibeli 12 chini ya mwisho, na kidhibiti cha kujiendesha kimezimwa kwa sababu kinapandisha sauti za wadudu ndege anaponyamaza. Mwisho wa kila rekodi mtu anasema: spishi, mahali, saa, umbali kwa mita, ndege alionekana au hakuonekana, alifanya nini. Faili isiyo na maneno hayo haiingii kwenye uchambuzi hata ikiwa safi.

Wimbo wa alfajiri huanza kabla mwanga haujatosha kuona rangi. Karibu na vijiji, vipaza sauti na majogoo hujaza sehemu ya chini ya spektrogramu (mchoro wa masafa ya sauti dhidi ya muda), na sehemu kubwa ya kelele hizo huchujwa kwa kukata chini ya kilohezi 1. Nyenje hawachujiki. Sauti zao hukaa palepale kwenye masafa ya wimbo, kwa hiyo dawa ni kurekodi mapema kabla hawajaanza, au kusogea. Upepo unahitaji koti la manyoya kwenye maikrofoni. Sifongo peke yake haitoshi ufukweni Vumawimbi.

Uchambuzi una mitego mitatu. Kwanza, dirisha, yaani kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mara moja: kwa kilohezi 48, dirisha la sampuli 1,024 hutenganisha masafa kwa hezi 47 lakini hupaka muda kwa milisekunde 21, na la 512 hutoa hezi 94 na milisekunde 11. Rekodi za Pemba zikisomwa kwa moja na za Bara kwa jingine, tofauti ya muda wa noti itazaliwa kwenye kompyuta. Pili, masafa ya juu na ya chini kabisa yakisomwa kwa jicho, rekodi ya karibu hutoa upana mkubwa kuliko ya mbali kwa ndege yuleyule. Tunasoma pale nguvu inaposhuka desibeli 20 chini ya kilele, na rekodi yenye kelele inayozidi hapo inaachwa. Tatu, nyimbo 40 za ndege mmoja ni ndege mmoja. Tunachukua wastani wake, anaingia kwenye jedwali kama mstari mmoja.

Januari: damu

Kanuni ya jumla ni kutochukua damu inayozidi asilimia 1 ya uzito. Ndege wa gramu 10 kikomo chake ni mikrolita 100. Tunachukua 20 hadi 30. Mshipa wa ndani ya bawa hulowanishwa kwa ethanoli kidogo manyoya yatengane, hudungwa kwa sindano ya geji 26, na tone hupokelewa na mrija mwembamba. Pamba hubanwa mpaka damu ikate kabisa, kisha ndege husubiri dakika 2 kabla ya kuachiwa. Damu ikiendelea, haachiwi. Damu inaingia kwenye ethanoli ya asilimia 96 au zaidi, na kichupa kinatikiswa palepale; ikiganda bonge, katikati yake huoza. Lebo ni penseli kwenye karatasi ngumu ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu ya alama huyeyuka kwa tone moja la ethanoli lililovuja.

Jinsia ya kinengenenge haionekani kwa manyoya. Inasomwa kwa jeni ya CHD: jike ana kromosomu Z na W na hutoa mistari miwili kwenye jeli, dume mmoja. Hilo hufanyika kwa kila ndege kabla ya kugusa takwimu za vipimo.

Tatizo la damu ya ndege ni kwamba chembe nyekundu zina kiini. DNA ya kiini ni tele, ya mitokondria (viungo vidogo vya seli vyenye DNA yao) ni haba, na vipande vya zamani vya mitokondria vilivyojipachika kwenye kiini vinaweza kusomwa badala ya jeni halisi. Dalili zake: kodoni ya kusimamisha (alama ya mwisho wa jeni) katikati ya jeni, vilele viwili kwenye mchoro wa mfuatano, au ndege mmoja anayekaa mbali na wenzake wote kwenye mti wa nasaba. Kwa hiyo kila ndege wa kumi ametoa pia manyoya mawili ya kifuani, ambayo mashina yake yana uwiano bora wa mitokondria. Mifuatano ya damu na ya unyoya isipofanana, sampuli hiyo inarudi mwanzo.

Februari: makabati ya Tring

Mkusanyo mkubwa wa ndege wa makumbusho ya historia asilia ya Uingereza uko Tring, na humo ndimo vielelezo vya enzi za Bannerman na Vaughan vinasomwa. Ngozi kavu hunywea, na bawa huweza kupungua kwa asilimia 1 hadi 3. Namba za ndege hai wa Pemba hazichanganywi na ngozi za Bara kwenye jedwali moja. Hai kwa hai, kavu kwa kavu.

Manjano ya vinengenenge hutokana na karotenoidi, na kijani chake ni manjano hayo juu ya melanini. Karotenoidi hufifia. Ngozi ya miaka ya 1920 inaweza kuonekana ya kijivu kuliko ndege alivyokuwa, kwa hiyo safu zinapangwa kwa muongo wa kukusanywa kwanza, mahali baadaye. Rangi ya macho, mdomo na miguu ipo kwenye lebo tu, kama mkusanyaji aliiandika siku ileile. Kipande cha ngozi ya kidole kwa ajili ya DNA huombwa kwa barua yenye sababu na idadi, na maabara inayopokea lazima iwe na chumba kisichoingiza ndege wa kisasa, maana DNA ya zamani hutoka vipande vifupi na tone la damu mpya huifunika yote.

Machi: kupiga alama

Kwa swali la hadhi tunatumia mfumo wa alama uliochapishwa na Tobias na wenzake 2010. Kila tofauti hupewa 1 ikiwa ndogo, 2 ya kati, 3 kubwa, 4 ya pekee, na jumla ya 7 ndiyo mlango wa spishi. Vipimo na sauti hupigwa alama kwa kugawa tofauti ya wastani kwa mtawanyiko wa pamoja (kiasi ambacho ndege wa kundi moja hutofautiana wao kwa wao): 0.2 hadi 2 ni alama 1, 2 hadi 5 alama 2, 5 hadi 10 alama 3, zaidi ya hapo 4. Haziruhusiwi zaidi ya sifa tatu za manyoya, mbili za vipimo, mbili za sauti, na moja ya tabia au mazingira.

Mfano wa hesabu tu: bawa likitofautiana kwa milimita 3 na mtawanyiko ukiwa milimita 1.5, jibu ni 2, ukingoni kabisa mwa alama ya pili. Mtawanyiko ukipanda hadi 1.7 kwa sababu wapimaji hawakufanana, jibu linashuka hadi 1.8 na alama ni 1. Ndiyo maana ya mazoezi yote yale ya Septemba: mkono mzembe unaweza kumnyima ndege hadhi yake. Kinyume chake pia hutokea. Sampuli ya ndege watano wanaofanana kwa bahati ina mtawanyiko mdogo wa uongo na alama nono. Kikomo chetu cha chini ni ndege 10 wakubwa kwa kila jinsia kwa kila kundi, na kundi lisilofika linaripotiwa bila alama.

Mfumo huu unakosolewa, na kwa haki: hauangalii vinasaba kabisa, na 7 ni namba iliyochaguliwa na watu. Tunautumia kwa kuwa unamlazimisha mwandishi aonyeshe hesabu. Mti wa nasaba unasimama kando yake kwenye makala, na pale vinapopingana tutaandika kwamba vinapingana.

Aprili: maandishi, na yaliyobaki

Muundo wa makala: jina na mwaka, kielelezo cha asili na mahali kinapotunzwa, mahali pa asili, utambuzi mfupi, maelezo kamili, vipimo kwa jinsia, sauti, vinasaba, uenezi. Utambuzi mfupi uandikwe mwisho, na kila sentensi yake itaje anayelinganishwa naye. "Tumbo manjano" si utambuzi. "Tumbo manjano, tofauti na la kijivu la fulani" ndiyo.

Ikitokea mtu anatumia hatua hizi kwa ndege asiye na jina, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinazotumika tangu 1 Januari 2000 zinadai mambo yasiyo na msamaha: holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina) au sintaipu (vielelezo kadhaa vinavyolibeba pamoja) zilizotajwa waziwazi, tamko la kuwa jina ni jipya, maelezo yanayomtofautisha, na, tangu marekebisho ya 2012, kwa jarida la mtandaoni pekee, usajili wa ZooBank (daftari rasmi la majina ya wanyama) ulioandikwa ndani ya makala yenyewe. Usajili ukisahaulika, jina halipo kisheria hadi lichapishwe upya.

Mifuatano inapelekwa GenBank, hazina ya wazi ya vinasaba, na rekodi xeno-canto, hazina ya sauti za ndege, kila moja ikibeba namba ya pete, ili anayetilia shaka aweze kumfikia ndege huyohuyo, picha na vipimo vyake.

Bado: rekodi za wimbo wa alfajiri kutoka Kisiwa Panza na Fundo, ambako tuna miito tu, na majike wa Z. flavilateralis, ambao hawajafika 10. Na kupima tena tarso za ngozi za Ngazidja kwa kalipa ileile iliyotumika Pemba, kwani seti ya sasa ilipimwa kwa nyingine. Mvua za masika zimeshaanza na nyavu zimekunjwa. Zikaushwe kabisa kabla ya kuingia mfukoni, la sivyo ukungu hula uzi na wavu hupasuka ndege wa kwanza tu akigusa.